Kutoa kwa kukopa: mpe mtoto pesa mkononi kabla ya kumpa penseli

Shule zikifunguliwa tu, maswali ni yale yale. "Mwanangu anajumlisha vizuri, mbona kutoa kunamshinda?" "Nimemwambia mara ngapi akope kwa jirani, na kesho yake amesahau." "Akiona sufuri juu anaduwaa." Nimeulizwa Mkomani, nimeulizwa Langoni, mitaa ya hapa kwetu Lamu, na majuzi mama mmoja alinifungulia daftari la mwanawe kwenye gati ya Mokowe tukisubiri boti ijae. Humo mlikuwa na 52 toa 27, na mtoto ameandika 35.

Itazame hiyo 35 vizuri. Mtoto hakubahatisha. Upande wa kulia ameona 2 juu na 7 chini, akatoa 2 kwenye 7 akapata 5, kwa sababu ameambiwa kubwa haitoki kwenye ndogo. Upande wa kushoto ametoa 2 kwenye 5 akapata 3. Ametii alichoelewa. Shida ni kwamba haioni 52. Anaona 5 na 2 zimekaa karibu karibu. Mtoto wa namna hiyo ukimwimbia "kopa kwa jirani" mwaka mzima atakariri wimbo tu. Anachohitaji ni kulishika kumi kwa mkono wake, alivunje mwenyewe, aone limekuwa nini.

Mwongozo huu ni wa mzazi, dada, kaka, shangazi au bibi anayekaa na mtoto jioni. Si lazima uwe mwalimu.

Vitu vya kuwa navyo

- Pesa za aina tatu tu: shilingi moja, sarafu ya kumi na noti ya mia. Za moja ziwe 20, za kumi 20, za mia 10. Najua si kila nyumba ina noti kumi za mia za kuchezea, kwa hiyo kata boksi la biskuti vipande na uviandike 1, 10 na 100. Vya moja viwe vidogo, vya mia vikubwa. Kata na kimoja cha 1000, utakihitaji mwishoni.
- Bakuli. Hiyo ndiyo benki. Pesa zote zisizotumika zikae humo.
- Daftari la hesabu lenye viboksi.
- Penseli na kifutio. Kalamu ya wino isubiri kwanza.
- Mtu wa tatu wa kukaa na bakuli, akipatikana. Bibi ni mzuri sana kwa kazi hii.
- Dakika ishirini za utulivu. Mtoto aliyetoka shule akaenda chuo cha Kurani, na hajala, usimwanzishie hesabu. Ale kwanza.

Angalia: sarafu za 5, 20 na 40, pamoja na noti za 50, 200 na 500, ziweke mbali kabisa. Namba tunazoandika hupanda kwa kumi: mamoja kumi ni kumi moja, makumi kumi ni mia moja. Ukichanganya sarafu ya 20 hapo, mtoto anapotea. Watu wa boriti huku kwetu wamehesabu kwa korija, ishirini ishirini, na wazee wetu walipima nafaka kwa pishi ya vibaba vinne, na biashara ilikwenda sawa. Lakini daftari la shule linakwenda kwa kumi, basi na pesa za mafunzo ziende kwa kumi.

Kabla hujaanza, mjaribu kwa mdomo: 13 toa 8? 15 toa 9? 11 toa 4? Akitumia vidole sawa, mwache. Lakini akipotea kabisa, usimpeleke mbele. Mfundishe kupitia kumi: kwenye 13 toa 8, atoe 3 kwanza abaki na 10, kisha atoe 5 zilizosalia, anabaki na 5. Chukueni siku kadhaa kwa hesabu hizo peke yake. Kukopa kunazitegemea, na mtoto anayezihangaikia atakosea hata akielewa mengine yote.

Hatua

1. Soma namba kwa makumi.

Weka mezani au kwenye mkeka sarafu nne za kumi na saba za moja. Uliza, "Pesa ngapi hizi?" Akisema arobaini na saba, uliza tena: "Makumi mangapi? Mamoja mangapi?" Kisha geuza: wewe taja namba, yeye atoe pesa bakulini. Mpe 60, mpe 16, mpe 61, mfululizo. Hapo utagundua mengi. Mtoto akisikia kumi na sita, kumi analisikia waziwazi. Akisikia sitini halisikii, na lazima ajue bila kufikiri kwamba sitini ni makumi sita. Rudieni ishirini mpaka tisini hadi asisite.

2. Toa bila kuvunja.

58 toa 23. Anakulipa mamoja matatu, kisha makumi mawili, anahesabu zilizobaki: 35. Mzoeze kuanza na mamoja tangu hapa. Hatua hii ni ya jioni moja. Ukiirefusha, mtoto anazoea kwamba ya juu ni kubwa kila mara, na siku ya juu kuwa ndogo atageuza hesabu kama yule wa 35.

3. Vunja kumi. Bila daftari.

Hii ndiyo hatua yenyewe, usiikimbilie. Mpe mtoto makumi matano na mamoja mawili. Mwambie: "Mimi nauza mahamri. Nakudai 27. Anza kunipa zile saba, na mimi sina chenji." Kisha nyamaza.

Atatazama mamoja yake mawili. Wengi hukunyoshea sarafu ya kumi: "Chukua hii." Jibu kwa upole, "Nachukua saba tu, na chenji sina." Nyamaza tena. Najua kunyamaza ni kazi, hasa ukiwa na chungu jikoni, lakini usimsaidie. Mtoto anayetumwa dukani kila siku ameshaona watu wakivunja pesa, na mara nyingi atasema mwenyewe: "Ngoja nikavunje." Asiposema, mwulize, "Mtu akiwa na kumi na anataka za moja moja, hufanya nini?"

Ampelekee bibi sarafu moja ya kumi. Bibi aiweke bakulini na amhesabie za moja kumi, moja moja, kwa sauti. Mtoto arudi nazo azichanganye na mbili zake. Sasa ana makumi manne na mamoja kumi na mawili.

Kabla hajalipa, uliza: "Sasa una pesa ngapi?"

Wengi watasema zimeongezeka, kwa kuwa rundo limekuwa kubwa. Wahesabu: arobaini, na kumi na mbili, ni 52 ile ile. Swali hili liulize kila akivunja, leo na kesho, mpaka akujibu kabla hujamaliza kuuliza. Mtoto aliyeelewa kwamba kuvunja hakuongezi wala hakupunguzi ameshapita sehemu ngumu.

Sasa alipe: saba kwenye kumi na mbili, zinabaki tano. Makumi mawili kwenye manne, yanabaki mawili. Ana 25 mkononi.

Fanyeni hivyo kwa 43 toa 18, 61 toa 34, 30 toa 12. Changanya na zisizohitaji kuvunja, kama 47 toa 25, na kabla ya kila moja mwulize, "Hapa utavunja au hutavunja?" Usipochanganya, atavunja kila kumi analoliona hata pasipo haja.

Mimi nyumbani nasema kuvunja. Shuleni atasikia kukopa. Mwambie ni jambo moja, lakini huku kukopa hakuna kurudisha.

4. Peleka daftarini, pesa zikiwa bado mezani.

Sheria ni moja: kila anachofanya kwa mkono, anakiandika kwa alama moja. Amepeleka kumi kwa bibi? Anakata 5 na kuandika 4 juu yake. Amepokea za moja kumi? Anakata 2 na kuandika 12 juu yake. Ndipo anatoa.

```
     4  12
     5   2
  −  2   7
  --------
     2   5
```

Hiyo 5 na 2 za mstari wa pili ziwe zimekatwa kwa mstari mmoja mwembamba, zisomeke bado.

Makosa ya hapa ni mawili. La kwanza ni kuandika 12 na kusahau kukata 5, kisha jawabu linakuwa 35 tena, ingawa kwa njia nyingine. Dawa yake ni mpangilio: kwanza akate kumi, kisha aandike mamoja. Bibi hatoi za moja kabla hajapokea kumi. La pili ni namba kupotoka mstari. Kiboksi kimoja, tarakimu moja, mamoja chini ya mamoja. Ile 12 ya juu ndiyo peke yake inayoruhusiwa kubanana.

Baada ya siku chache, mwambie afanye kwanza daftarini, kisha pesa ziwe za kusahihishia. Halafu bakuli libaki kabatini, alifuate akikwama tu.

5. Ingia kwenye mamia.

423 toa 158. Hapa hakuna jipya, ni kuvunja mara mbili, kwa hiyo nitapita haraka. Mamoja: 3 haitoshi kutoa 8. Vunja kumi moja, makumi yabaki 1, mamoja yawe 13. 13 toa 8 ni 5. Makumi: 1 haitoshi kutoa 5. Vunja mia moja, mamia yabaki 3, makumi yawe 11. 11 toa 5 ni 6. Mamia: 3 toa 1 ni 2. Jawabu 265.

Angalia: watoto wengi wakifika kwenye makumi huangalia ile 2 iliyokatwa badala ya 1 iliyoandikwa juu. Iliyokatwa imeshakwenda kwa bibi, haipo tena.

6. Sufuri juu.

Hapa ndipo watu wazima pia hujikuta wanakuna kichwa. Anza na 304 toa 128, na rudisheni pesa mezani hata kama mlikuwa mmeziacha.

Mtoto ana mia tatu, makumi hana, mamoja manne. Unamdai mamoja manane. Anataka kuvunja kumi, na kumi hana. Aende kwa bibi na mia. Angalia sana hapa: bibi asimpe za moja mia. Ampe makumi kumi. Mtoto anakata 3 anaandika 2, na mahali pa sufuri anaandika 10.

Sasa makumi anayo. Achukue moja kati ya hayo kumi arudi nalo kwa bibi, avunjiwe za moja. Makumi yamebaki 9, mamoja yamekuwa 14. Uliza swali lako: "Una pesa ngapi?" Mia mbili, na tisini, na kumi na nne: 304.

14 toa 8 ni 6. 9 toa 2 ni 7. 2 toa 1 ni 1. Jawabu 176.

Ile 9 ndiyo inayowatesa watoto, kwa sababu hutajiwa bila maelezo: "sufuri inageuka tisa." Haigeuki. Ilikuwa kumi, moja likaondoka. Mtoto aliyeifanya safari ya pili kwa miguu yake hatauliza tisa imetoka wapi.

Akishaweza, mpe 1000 toa 365, ndiyo kazi ya kile kipande chako kikubwa. Elfu inavunjwa kuwa mamia 10. Mia moja kati ya hizo inavunjwa, mamia yabaki 9. Kumi moja linavunjwa, makumi yabaki 9. Mamoja yawe 10. 10 toa 5 ni 5, 9 toa 6 ni 3, 9 toa 3 ni 6. Jawabu 635.

7. Hakikisha kwa kujumlisha.

Jawabu likijumlishwa na iliyotolewa lazima irudi ya juu. 635 na 365 ni 1000. 25 na 27 ni 52. Na ile 35 ya gati ya Mokowe? 35 na 27 ni 62, haiwi 52. Mfundishe mtoto kufanya hivi mwenyewe kabla hajakuletea daftari. Nalitilia mkazo hili kuliko watu wengi, kwa sababu mtoto anayejua kujisahihisha haogopi tena kukosea.

Njia ya muuza duka

Ukimpa muuza duka elfu kwa kitu cha 365, hatoi penseli. Anapanda: 365 na tano, 370. Na thelathini, 400. Na mia sita, 1000. Amekupa 5, 30 na 600, yaani 635. Njia hii ni sahihi kabisa na kwa namba zenye sufuri nyingi ni ya haraka kuliko kuvunja. Mfundishe mtoto baada ya hatua ya 7, wala usimkataze akiwa ameshaijua kwa kutumwa dukani. Katika mtihani wa kuonyesha kazi aandike kwa safu, kichwani ahakikishe kwa kupanda.

Kuna na ujanja mwingine kwa mtoto mkubwa kidogo. Tofauti ya 1000 na 365 ni ile ile ya 999 na 364, kwa kuwa umepunguza moja pande zote mbili. Na 999 toa 364 haina cha kuvunja: 635.

Akikwama

Anapata jawabu sawa kwa pesa lakini daftarini anakosea. Umemtoa mezani mapema. Rudi hatua ya 4, mkono kwenye pesa na mkono kwenye penseli, na usimruhusu kufanya vitendo viwili kabla ya kuandika alama.

Bado anatoa ndogo kwenye kubwa hata ikiwa chini. Usimwambie "umekosea." Mwambie asome hesabu kama deni: "Nina mawili, nadaiwa saba." Akisoma hivyo mwenyewe atasimama.

Babu anamfundisha namna nyingine: haipunguzi ya juu, anaongeza moja chini. Babu hajakosea. Kwenye 52 toa 27 anaifanya 2 kuwa 12, na chini anaifanya 2 ya makumi kuwa 3, kisha 5 toa 3 ni 2. Ameongeza kumi juu na kumi chini, tofauti haibadiliki. Lakini mtoto anayeanza ashike njia moja. Akichanganya, atapunguza juu na kuongeza chini kwa pamoja, na jawabu litapungua kwa kumi. Kaeni na babu mkubaliane kwanza, kwa heshima, mtoto akiwa hayupo.

Nimweleze kwa Kiswahili au Kiingereza? Kwa lugha anayotumia kununua mahamri. Kuanzia Gredi ya Nne atafundishwa kwa Kiingereza shuleni, na majina atayapata huko. Anayeelewa kuvunja kumi halazimiki kulielewa upya kwa lugha nyingine.

Analia au anafunga daftari. Acheni. Kesho anza na hesabu mbili anazoziweza bila shida, kisha moja ngumu. Na usimlinganishe na nduguye, hata kwa utani.

Anakosea moja tu, jawabu ni 24 au 26 badala ya 25. Kuvunja anajua, kinachomsumbua ni 12 toa 7. Rudini kwenye zile hesabu za mdomo.

Za kujaribu

Nimeweka majawabu ili nawe usahihishe bila wasiwasi. Zifanyeni kwa siku kadhaa, zisiwe zote usiku mmoja.

- 80 toa 46. Jawabu 34.
- 312 toa 175. Jawabu 137. Hapa kumi ni moja tu na litavunjwa, kwa hiyo makumi yanabaki sufuri kabla ya kuvunja mia.
- 500 toa 263. Jawabu 237.
- Fundi amenunua korija 3 za boriti, ametumia 27. Zimebaki ngapi? Korija 3 ni 60, zimebaki 33.
- Vasco da Gama alifika Malindi mwaka wa 1498, Kenya ikapata uhuru 1963. Ni miaka mingapi katikati? Jawabu 465.
- Kenya ilipata uhuru 1963, na Mji wa Kale wa Lamu ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2001. Miaka mingapi? Afanye kwa safu, avunje kuanzia elfu, kisha apande kama muuza duka: kutoka 1963 mpaka 2000 ni 37, na moja, 38. Njia zote mbili zikimpa 38, bakuli lirudi jikoni.